Jina Lisilo na Taa

Missoula, Montana
12 Januari 1975

Shangazi Borghild mpenzi,

Pokea salamu kutoka Missoula, ambako theluji imekuwa tope, tope likawa barafu, nami nimekwisha kuanguka mara mbili mbele ya maktaba. Mara ya pili nilianguka miguuni pa profesa wangu wa historia. Alinizunguka, akasema, "Pole, Bi Lovdal. Mapambano yaendelee." Mifupa i salama; kilichovunjika ni heshima. Natumaini u mzima huko Helena, na kwamba chumba ulichopanga kwa kikao hiki cha Bunge kina joto kuliko kile cha miaka miwili iliyopita, ulimokuwa ukilala na koti. Nyumbani wote wazima. Bibi anaendelea kudai kwamba nyonga haimsumbui, na anaendelea kupika chapati zake za viazi huku ameegemea jiko kama mlevi aliyeegemea kaunta.

Nilikuwa huko Krismasi, na nililoliona ndilo linalonifanya niandike. Baada ya sikukuu alikuja mtu wa kampuni ya makaa ya mawe akiwa na nyundo na mzigo wa vigingi vyenye utepe wa rangi ya machungwa. Hakubisha hodi. Alianza kuvipigilia katika konde la majani, akapanda kilima, akafika mpaka kwenye ua wa makaburi. Baba akatoka.

"Wewe! Nani kakuruhusu?"

"Ruhusa ya nini, Bwana Lovdal? Majani ni yako, hakuna anayeyagusa. Kilicho chini ndicho si chako. Kasome hati yako."

Na hati, kama ujuavyo, yasema hivyo hivyo. Babu alipewa ngozi ya ardhi. Nyama yake ilibaki mikononi mwa serikali, na serikali sasa imeikodisha kwa kampuni. Watakuja na mashine iliyo ndefu kuliko kanisa letu, waikunje ngozi ile kama zulia, pamoja na kisima, pamoja na Babu mwenyewe aliyelala humo. Baba aliingia ndani, akavua buti, akazivaa, akazivua tena, akaketi. Sijapata kumwona baba yangu akiwa hana la kufanya.

Ndiyo maana nasema muswada wako si muswada kama mingine. Ni ukurasa mmoja tu, nao wadai jambo moja tu: kwamba mtu asichimbe makaa chini ya nyumba ya mtu mwingine bila idhini yake ya maandishi. Ni nani awezaye kusimama mbele ya watu wazima na kulipinga hilo? Ni sheria gani hii inayomwita mtu mwenye ardhi mchana na kumfukuza juu yake kesho yake? Sisi wanafunzi tutakuja siku ya kura. Tutajaza roshani yote ya wageni. Shangazi, usipunguze hata nukta.

Akupendaye na mwenye hasira,
Torunn


Helena
2 Februari 1975

Torunn binti wa kaka yangu,

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa habari na mara ya pili kwa kelele. Asante kwa vyote viwili. Mimi mzima. Chumba kina joto, lakini mwenye nyumba ana kasuku anayeimba tenzi za kanisani, na anakosea ubeti wa tatu. Mpigie Bibi simu, mwambie akakae chini.

Bunge lina watu mia moja. Nikiwahesabu asubuhi napata hamsini kwa hamsini, nikiwahesabu jioni napata hivyo hivyo. Sare ni kushindwa. Jambo lisilopata zaidi ya nusu hufa. Kwa hiyo natafuta mtu mmoja. Natafuta kwenye mkahawa wa chini, natafuta kwenye ngazi, na jana nilimtafuta mtu mmoja mpaka kwa kinyozi.

Nisiyeweza kukupa ni Orville Stroud, ingawa ndiye aliye karibu nami kuliko wote. Mwaka wa kumi huu tunakaa meza moja, yeye kulia mimi kushoto. Alikuwa mchimbaji wa shaba huko Butte, na wachimbaji ndio waliomchagua. Siku ya kwanza ya kikao aliusoma muswada wangu, akanirudishia. "Borghild, huu ni wa kipumbavu kama ule wa juzi. Ila huu umeandikwa vizuri." Hunyonya peremende za mnanaa tangu Spika anapogonga nyundo hadi tunapoondoka, ili watu wasikisikie kifua chake. Mimi hukisikia.

Mambo mawili. Kwanza, roshani ni ya kutazama. Mkipiga kelele Spika atawatoa, na waliokuwa wakisitasita watapata kisingizio cha kukasirika. Niahidi kimya. Pili, kuhusu baba yako, usimsukume. Mengine sitaandika.

Shangazi yako,
Borghild


Missoula
24 Februari 1975

Shangazi mpenzi,

Salamu kwako na kwa kasuku. Sisi hatujambo. Mwenzangu wa chumbani, Renata, amepata mafua na amenipiga marufuku kufanya mazoezi ya hotuba baada ya chakula cha jioni. Asema nikitamka tena neno "dhuluma" atahamia kwa wasichana wa timu ya kuogelea. Bibi nilimpigia. Alisema, "Mwambie Borghild mimi nimekaa," na nyuma yake nikasikia mafuta yakitatarika jikoni.

Nilisimama juu ya meza ya mkahawa wa wanafunzi Jumatano iliyopita. Nilisema kwamba jimbo hili limekuwa ghala la watu wasioishi humu. Kwamba wanaotaka taa za miji yao ziwake wanataka sisi tukae gizani. Kwamba bonde la Sorrel si shimo linalosubiri kuchimbwa bali ni makao yenye majina, na majina hayo nikayataja, nyumba kwa nyumba. Walioniambia nishuke walikuwa wanne. Waliojiandikisha kuja Helena wamejaza mabasi matatu.

Vigingi vimeongezeka. Sasa vimefika kwa jirani yetu Mzee Prochaska, naye ameviegemezea bunduki ili mtu wa kampuni aione akija. Nilimwomba Baba aje siku ya kura, akasema ana ng'ombe wa kuzalisha. Ni kweli ni msimu wa ndama. Si kweli kwamba hiyo ndiyo sababu.

Nakuahidi kimya. Neno langu ni neno. Tutakaa kule juu kama waumini, na wewe utawasha taa yako ya kijani, ile ya ndiyo, kwa niaba yetu sote.

Torunn


Missoula
7 Machi 1975

Shangazi,

Natumaini u mzima. Sisi wazima. Bibi mzima. Hizo ndizo salamu.

Sasa nieleze. Nitakueleza nami nilichokiona, usije ukasema sikukiona.

Tulipanda roshani mapema. Tulisikiliza waheshimiwa wakibishana kama siagi ya mimea inaweza kuliwa shuleni, na mzee mmoja akaapa kwamba ng'ombe wote wa jimbo wanamtazama. Tukasikiliza muswada wa zawadi kwa anayeua mbweha. Mmoja alikuwa akila mkate chini ya meza. Mmoja alikuwa anasoma gazeti, akaliweka chini, akabonyeza kitufe, akaliinua, bila kuuliza anapigia nini. Kila mara ubao mkubwa wa ukutani uliwaka, majina mia na taa mia, kijani na nyekundu, na kila mara Spika alisema maneno yale yale: "Je, kila mheshimiwa amepiga kura? Je, kuna anayetaka kubadili kura yake?" Halafu: "Karani, andika."

Kisha ukaja muswada wako, nawe ukasimama. Shangazi, nimewasikia wasemaji wengi, wala sijasikia aliyesema maneno machache namna ile. "Msiniulize makaa ni dola ngapi," ulisema. "Niulizeni nani anabisha hodi." Mmoja kutoka nyuma akapaza sauti, "Mama Lovdal, na mimi nikitaka kuchimba choo niombe idhini ya jirani?" Nawe bila kugeuka: "Ukikichimba sebuleni kwake, ndiyo." Bunge zima likacheka, hata wao. Nilimgusa Renata nikamwambia, tumeshinda.

Nikatazama kiti cha kulia kwako. Kilikuwa kitupu. Stroud wako hayupo! Nilihesabu mara moja: wao arobaini na tisa, sisi hamsini. Mbingu zimetuondolea mtu mmoja. Taa zikawaka. Nikaangalia herufi L, nikalipata jina lako.

Halikuwa na taa.

Nilidhani umechelewa. Nilidhani kitufe kimekwama. Nilikuona umekaa, mikono miwili juu ya meza, umeitandaza kama mtu anayekaushwa kucha. "Je, kila mheshimiwa amepiga kura?" Ndipo nikapiga kelele. Ndiyo, mimi. "Bonyeza! Shangazi, bonyeza!" Spika akagonga, "Roshani, kimya!" na mlinzi akanishika kiwiko. Nilitolewa nikiwa nimegeuza shingo, nikaona arobaini na tisa kijani, arobaini na tisa nyekundu, na nikamsikia akisema, "Karani, andika."

Nilikungoja ukumbini nje. Nilikuuliza kwa adabu yote niliyokuwa nayo, "Taa yako imeharibika?" Ukasema, "Haijaharibika." Ukapita.

Kidole kimoja, Shangazi! Kilichohitajika ni kidole kimoja! Mtu wa kampuni hakuhitaji hata kuja; ulimfanyia kazi yake ukiwa umeketi. Wanafunzi mia wameniuliza katika basi mwanamke yule ni nani kwangu. Nimetazama dirishani mpaka Missoula.

Nadai jibu.
Torunn


Helena
11 Machi 1975

Torunn,

Sijambo. Kasuku amefariki. Mwenye nyumba analia na mimi nimeshangaa kuona kwamba nyumba imekuwa kimya mno.

Sikubonyeza kwa sababu nilikuwa nimetoa neno. Kuna desturi humu, ya zamani kuliko jengo lenyewe. Mmoja akilazimika kutokuwapo, humwendea mtu wa upande wa pili na kumwomba wafunge jozi. Huyu hayupo, yule hapigi. Kura mbili zinazopingana zinakaa nje pamoja, na hesabu haibadiliki. Huandikwa kwenye daftari la karani. Lakini mara nyingine mtu ana sababu ya kutotaka iandikwe, na hapo inabaki baina ya wawili. Hakuna sheria inayoilinda. Ningebonyeza, nisingeadhibiwa.

Ulihesabu vizuri kule juu, na mimi nilihesabu kabla yako. Nilijua kwamba kwa kidole hiki ningeshinda. Kidole kiliniuma siku nzima.

Niliyempa neno unaweza kumkisia. Sababu yake si mali yangu, kwa hiyo sikukwambia ukumbini na sikwambii sasa.

Muswada haujazikwa. Kanuni inasema kwamba mtu wa upande ulioshinda anaweza kuomba kura irudiwe kabla ya kikao kufungwa. Mmoja wao, siyo wetu. Natafuta.

Nawe uliniahidi kimya.

Borghild


Missoula
29 Machi 1975

Shangazi,

Pole kwa kasuku. Nimechelewa kuandika, na ucheleweshaji huu haukutokana na masomo. Baba hajambo, ndama ni wengi, mmoja ana madoa usoni na Bibi amempa jina la mtu wa kampuni. Vigingi viko pale pale. Barua imekuja kwa Baba: watafungua ardhi mwezi Juni.

Kuna jambo ambalo sikukwambia na bila shaka umekwisha kuliona. Siku nilipoituma barua yangu ya tarehe saba nilituma na makala katika gazeti la wanafunzi. Niliiita "Kura Iliyouzwa". Sikutaja kwamba wewe ni shangazi yangu. Nilikutaja jina. Jibu lako liliponifikia gazeti lilikuwa limekwisha kuchapwa, na magazeti mawili ya mjini yalikuwa yameinakili. Hukusema lolote. Nilingoja useme, ili nikujibu, na hukusema.

Badala yako amesema mwingine. Jana Renata ameniletea gazeti la Butte. Nakunakilia, usije ukawa hujaliona:

"Kijana fulani wa chuo ameandika kwamba Borghild Lovdal ameuza kura. Mimi ndiye mnunuzi, na sikulipa hata senti. Nilikuwa kitandani hospitalini nikikatwa kipande cha pafu, jambo ambalo nililificha kwa sababu nina uchaguzi mwakani na watu wana haraka ya kurithi. Nilimwomba mama yule tufunge jozi, bila karatasi. Angeweza kunigeuka na kushinda. Kwa miaka kumi nimeupinga kila muswada wake na huu nitaupinga mpaka nife, kwa kuwa mjini kwetu watoto hula kwa kuchimba. Lakini mtu akisema mbele yangu kwamba mama yule ameuza kitu, atafute meno mengine. Kijana huyo na ajifunze kwanza kuuliza. Orville Stroud."

Nimeisoma juu ya kitanda, nikaisoma nimesimama. Nilikosea nilipoandika "kuuzwa". Nimelipeleka kanusho gazetini, ukurasa wa kwanza, kwa jina langu kamili, na safari hii nimeandika kwamba mimi ni mtoto wa kaka yako.

Lakini usidhani nimemaliza. Nasema bado, na nitasema nikiwa na miaka themanini: neno lako kwa mtu mmoja lilikuwa zito, lakini bonde zima lilikuwa upande wa pili wa mizani. Prochaska hakufunga jozi na mtu. Bibi hakufunga jozi na mtu. Heshima ambayo gharama yake inalipwa na wengine, je, ni heshima ya nani? Nijibu hilo.

Torunn


Helena
5 Aprili 1975

Torunn,

Hatujambo, mimi na kanari mpya, ambaye kwa bahati hajui dini. Kanusho lako nimelisoma. Una uandishi wa sentensi ndefu; mfupa wake ni mzuri. Makala ile ya kwanza nayo ilikuwa imeandikwa vizuri, kama alivyosema Orville kuhusu muswada wangu.

Swali lako ni la haki na sina jibu linaloweza kulinyamazisha. Nina hili tu. Watu wale mia, nusu yao hawakubaliani nami juu ya lolote. Nikisimama kuwaambia kwamba kampuni itavunja ahadi zake, wana kitu kimoja tu cha kupimia maneno yangu, nacho ni kama mimi huvunja zangu. Ningelishinda tarehe sita kwa kura ya wizi, na tarehe saba wao wangeirudisha na kuiua, na asingebaki mtu wa kunisikiliza. Labda. Huenda nakosea, na ikiwa nakosea ni kaka yangu atakayelipa. Silali vizuri.

Sasa sikiliza. Verlin Skaar, mkulima wa ngano kutoka kaskazini, alipiga nyekundu siku ile. Juzi amekuja mezani kwangu na gazeti la Butte mkononi. "Mama Lovdal, ni kweli?" Nikasema ni kweli. Akakaa kwenye kiti cha Orville, akasema, "Basi nisomee tena huo ukurasa wako, pole pole." Nikamsomea. Aliuliza maswali ya mtu anayenunua trekta. Mwishowe akasema ataomba kura irudiwe, tarehe kumi na saba, na kwamba atapiga kijani kama hatarogwa kabla ya hapo. Kampuni inampigia simu kila siku. Wapigakura wake hawajampigia hata mmoja, kwa kuwa kwao hakuna makaa na hawajui hili linawahusu nini.

La mwisho, nawe ukae kwanza. Orville hatatoka hospitalini kabla ya siku hiyo. Ameniomba tena. Nimekubali.

Borghild


Butte
18 Aprili 1975

Shangazi mpenzi,

Nakuandikia kutoka Butte, katika kibanda cha chai mbele ya hospitali, na nitakueleza kwa nini niko huku badala ya darasani. Kwanza salamu: Baba amerudi nyumbani salama na gari la Prochaska, na Bibi alisikiliza matokeo kwenye redio akiwa amekaa. Ndiyo, amekaa. Prochaska mwenyewe anashuhudia.

Barua yako ya tarehe tano niliikunja nikaitupa chini ya kitanda. Umekubali tena! Nilizunguka chumba mpaka Renata akavaa koti akaondoka. Kisha nikaitoa, nikaisoma mahali uliposema wapigakura wa Skaar hawajampigia hata mmoja, na nikajiuliza hasira yangu ina kazi gani ikiwa haiwezi kuendesha gari.

Hatukuchukua mabasi. Tulikwenda wanane, katika magari mawili mabovu, mpaka kwenye nchi ya ngano, ambako upepo ulinivua kofia siku ya kwanza na sijaiona tena. Sikupanda juu ya meza. Niliketi jikoni. Mama mmoja alinisikiliza huku anakanda unga, akauliza, "Binti, makaa yenyewe yako huko kwenu. Sisi yanatuhusu nini?" Nilianza kusema habari za dhuluma, akanikatiza: "Usinihutubie, nina mkate." Basi nikamweleza habari ya baba yangu na zile buti zake. Akaacha kukanda. Akasema, "Hati yetu nayo imeandikwa hivyo. Sisi wakija ni kwa ajili ya mafuta." Akanawa mikono, akamtafuta Skaar kwa simu, na nilimsikia akisema, "Verlin, mimi mama yake Doreen. Usinichekeshe, nisikilize." Tulipoondoka kaskazini, simu ya mheshimiwa yule haikuwa na nafasi tena kwa kampuni.

Jana nilikuwa roshani, safu ya mbele, na kulia kwangu alikuwa Baba. Hukumwona kwa sababu aliinama. Alikuja bila kuniambia, amevaa suti ya mazishi, kofia juu ya magoti. Nilimnong'oneza kabla kura hazijaanza kwamba hutabonyeza, ili asishtuke. Akasema, "Najua. Kaniandikia." Kumbe ulikuwa ukimwandikia yeye vilevile, na hakuna kati yenu aliyenitajia. Familia hii!

Skaar alisimama kama mtu aliyeitwa na hakimu. Alisema maneno yasiyozidi pumzi mbili: kwamba aliwahi kupiga nyekundu, na kwamba tangu hapo amemwona mtu akishindwa kwa hiari, naye angependa kuishi katika jimbo ambalo mtu wa namna hiyo anaulizwa kabla nyumba yake haijavunjwa. Yule wa choo akapaza sauti, "Umerogwa, Verlin!" Naye: "Nimepigiwa simu na kina mama arobaini. Jaribu wewe uone."

Taa zikawaka. Skaar kijani. Nilirudi juu kwa macho mpaka herufi L. Giza. Nikashuka mpaka jina la Stroud. Giza. Majina mawili, Shangazi, katika ubao mzima unaowaka, na wewe umetandaza mikono juu ya meza kama siku ile. "Je, kila mheshimiwa amepiga kura?" Nilihisi kelele ikinipanda kooni, nami nikaishika. "Je, kuna anayetaka kubadili kura yake?" Baba alikuwa ameshika ukingo wa roshani. Hamsini kijani, arobaini na nane nyekundu. "Karani, andika."

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza nyuma yangu akauliza, "Mbona yule mama hana taa? Alikuwa wapi?" Nikamjibu, "Muswada ni wake."

Najua safari haijaisha. Kuna Seneti, kuna gavana, na kuna mawakili wa kampuni ambao hawajaanza hata kunoa kalamu zao. Tutakwenda Seneti jiko kwa jiko. Orodha nimekwisha kuanza. Lakini Baba amesema kesho ataving'oa vigingi, Seneti ipende isipende, na nilipomwambia kisheria ni mapema mno alivaa kofia akasema, "Sijakuuliza." Alikuwa na la kufanya.

Swali langu la Machi bado naliuliza. Tulishinda jana kwa kura ya mtu aliyeguswa na neno lako, sikatai. Lakini tungeweza kushindwa, na ungebaki na heshima nasi tungebaki na shimo. Sijashawishika. Nitabishana nawe juu ya hili mezani kwa Bibi msimu wote wa kiangazi, nawe unipe chapati.

Sasa Butte. Nilikuja kumpelekea habari mimi mwenyewe, kwa kuwa niliona ana haki ya kumwona kijana yule wa chuo. Chumba chake kinanuka mnanaa. Ni mdogo kuliko nilivyomdhania, ana mirija puani, na alikuwa amezima redio kwa makusudi.

"Wewe nani?"

"Torunn Lovdal. Niliyeandika."

Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Umekuja kutafuta meno mengine?"

"Nimekuja kukuambia muswada umepita, mzee. Hamsini kwa arobaini na nane."

Alitazama ukuta, kifua kikipanda na kushuka. Kisha akauliza jambo moja tu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana kwamba anauliza.

"Taa yake?"

"Haikuwaka."

Akafumba macho. Akapapasa mezani, akanipa peremende moja bila kunitazama. "Haya, toka nje," alisema. "Mwambie muswada wake bado ni wa kipumbavu. Nimeshindwa, nataka kununa peke yangu."

Nimetoka. Ninayo mdomoni ninapoandika haya.

Mpwa wako, aliyekaa kimya,
Torunn